Mbuzi ya Nazi ya Bi Somoe

Jumatatu, 5 Agosti

Kliniki ya watoto. Foleni mpaka mlangoni, na mzani umeanza tena kukwama. Nikiupiga kofi unakaa sawa. Friji la chanjo linanguruma vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Chai nimeinywa saa tano, imeshapoa.

Salima alikuja na mwanawe. Kilo sita na nusu, mtoto anakwenda vizuri. Salima ni binti wa Bi Somoe, yule aliyefiwa na mumewe, Mzee Hamisi, katikati ya mwezi uliopita. Nikamuuliza mama anaendeleaje na eda. Akasema yupo ndani, salama, ila siku hizi hakuni nazi. Mkono wa kulia unachoka. Na kila asubuhi anabandika majani yaliyotwangwa kifuani, anafunga kaniki juu yake, hataki mtu aone.

Nikaacha kuandika kadi.

Siku ya matanga nilikaa chumbani na wanawake. Mimi ni Mngoni wa Songea, wao ni Wamwera, watani zangu tangu enzi za mababu. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote na kukamata chochote, na kazi yake ni kuwachekesha wafiwa. Nilikuwa nimejipaka majivu, nimevaa kofia ya marehemu niliyoiteka (waliikomboa baadaye kwa kuku), naigiza alivyokuwa akikohoa. Bi Somoe, mfiwa mwenyewe, akaniita kutoka mkekani: "We Mngoni, njoo uchukue hili titi langu. Limekuwa jiwe. Kasagie ulezi kwenu." Chumba kizima kikacheka. Nikamjibu kwetu mawe tunayo ya kutosha, abaki nalo ajengee choo.

Nilisema hivyo. Mimi, nesi, miaka kumi na minne kazini.

Sijala mchana.

Jumanne, 6 Agosti

Nilifunga saa nane nikaenda. Nyumba yake iko nyuma ya ghala la korosho. Mlango nusu wazi, pazia. Shikamoo, marahaba. Amekonda.

Niliuliza moja kwa moja. Akacheka. Akasema ule ulikuwa utani tu, nyie Wangoni hamna akili. Nikamwambia nitakaa hapa hapa mlangoni mpaka anioneshe, na wageni wa rambirambi wakija watanikuta nimejilaza. Akaona sitanii. Akafungua kaniki.

Titi la kulia. Uvimbe wa ukubwa wa korosho mbili na maganda yake. Mgumu. Nikiusukuma unasogea kidogo. Ngozi juu yake imevutwa ndani. Kwapani sikukuta uvimbe. Hiyo ndiyo habari njema pekee niliyotoka nayo.

Tangu lini? Tangu kabla ya Ramadhani. Alikuwa anamuuguza mumewe, akajisahau. Kisha akaogopa. Alipofiwa akaona njia imefungwa kabisa: mjane aanze kutaja titi lake, watu watasema hata udongo wa kaburi haujakauka, tayari anatafuta sababu ya kutoka. Ndipo akanirushia mimi kwa utani, mbele ya wote. Alidhani nitaelewa.

Sikuelewa. Nilimwomba radhi mara tatu. Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mtu. Si shemeji yake, si shehe, si Salima. Nikaapa. Siri ya mgonjwa ni siri hata bila kiapo. Sasa nimejifunga mara mbili, mjinga mimi.

Alhamisi, 8 Agosti

Bwana Rashidi, mdogo wake marehemu, ndiye msimamizi wa nyumba ile sasa. Nilimkuta shambani anapuliza salfa kwenye mikorosho, njano mpaka kope. Ni mtu mwema. Kila wiki anampelekea shemeji yake kuni, anazitua nje, anakohoa, anaondoka bila kutazama ndani.

Nilimwambia tu shemeji yake angefaa apelekwe Lindi, vipimo vya wanawake. Anaumwa nini? Nikasema ni vipimo. Akatikisa kichwa. Mjane havuki kizingiti mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mama yake alikaa hivyo, bibi yake alikaa hivyo. Eda inaisha tarehe ishirini na mbili Novemba, ameshaweka alama kwenye kalenda. Na Novemba ndiyo korosho zimeanguka, akaongeza, kila mkono unahitajika shambani. Labda Desemba.

Desemba! Nilitaka kumvua lile bomba la salfa nimpulizie yeye. Nikaaga kwa adabu. Nina hasira hadi vidole.

Jumapili, 11 Agosti

Misa kigangoni. Vumbi kwenda, vumbi kurudi. Sijui padri alihubiri nini. Nilikuwa nahesabu wiki kutoka leo mpaka Desemba. Kumi na sita.

Jumatano, 14 Agosti

Nilipanda ngazi ya tangi la maji, ndipo simu inaposhika, nikampigia daktari wa upasuaji wa hospitali ya mkoa. Jina la mgonjwa sikulitaja. Nilieleza nilichokigusa. Akasema nimlete Jumatano yoyote, siku ya kliniki yake, ila leo ni bora kuliko kesho.

Nimerudi kwa Bi Somoe mara mbili wiki hii. Nimemwambia ngojangoja huumiza matumbo. Akasema si matumbo, ni titi. Tukacheka wote wawili, halafu akalia.

Nilifikiri nimuulize Shehe Athumani kwa jumla tu, kama mjane wa eda anaruhusiwa kutibiwa mjini. Lakini kijijini hapa mwenye eda ni mmoja. Nikiuliza, nimeshamtaja. Mimi Mkristo, sijui sheria yao inasemaje. Nina wasiwasi kwamba hata wao hawaijui yote.

Jumanne, 20 Agosti

Mjamzito mmoja usiku kucha, mtoto wa kiume, salama wote. Nikalala saa mbili asubuhi, nikaamshwa saa tatu. Bi Somoe hajaniondoka kichwani hata wakati nakata kitovu.

Ijumaa, 23 Agosti

Kesho arobaini ya Mzee Hamisi. Jioni nilikwenda kusaidia kuchambua mchele. Nazi zimerundikwa uani, kuni zimepasuliwa, masufuria ya kuazima yamepigwa rangi majina ya wenyewe. Wanawake wananidai: Mngoni, kesho uje na kituko kipya, kile cha kofia tumekizoea.

Nimerudi nikiwaza. Kesho nina ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kukasirika. Lolote, isipokuwa lile nililoapa.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika yote kabla sijasahau.

Hitima ilisomwa asubuhi. Wanaume chini ya turubai, wanawake uani, Bi Somoe ndani nyuma ya pazia anasikia kila kitu. Saa nne wali unasubiri tui. Wanawake wanakuna nazi. Mbuzi kubwa kuliko zote ni ya Bi Somoe mwenyewe, ya mninga, alipewa siku ya harusi yake. Aliyekuwa ameikalia akainuka kwenda kuchota maji.

Nikaikamata. Nikaiweka begani kama bunduki, nikapita nayo katikati ya wanaume napiga kelele za vita za Kingoni. Nusu yake nilizibuni papo hapo.

Vicheko, vigelegele. Mpishi anapiga yowe kwamba wali utamharibikia. Wazee wakasema haya, mtani ameteka, ataje ukombozi. Kuku? Jogoo? Nikasema kuku sitaki. Namtaka mjane wenu. Siku moja tu. Namchukua alfajiri nampeleka Lindi, magharibi namrudisha.

Wakafa kwa kicheko. Bwana Rashidi alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. "Babu zako waliteka bibi zetu, na wewe umekuja kumalizia waliobaki!" Nikamjibu ndiyo, ila mimi narudisha, babu zangu adabu hiyo hawakuwa nayo.

Zaidi ya hapo kiapo kilinifunga. Nilisimama na ile mbuzi begani, meno ya chuma yananichoma shingo. Kicheko kikaanza kupungua. Mtu mmoja akaanza kuulizia chumvi. Niliogopa sana. Niliona imeishia kuwa utani tena, kama ile mara ya kwanza.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Shemeji, mpe Mngoni anachotaka. Titi langu limekuwa jiwe. Mara hii si utani."

Bwana Rashidi akakaa chini, akavua kofia. Akaniangalia. Nilimwona anakumbuka yale maneno yetu ya shambani, na uso ukamshuka.

Shehe Athumani alikuwa na msahafu mapajani. Hakupandisha sauti. Akasema mwenye eda akiwa na haja hutoka mchana kwa haja yake na hurudi kulala kwake, na maradhi ni haja. Yakizidi, hata kulala nje ni dharura, Mungu hamtaabishi mja. Akasema kosa ni lake yeye: miaka yote amewafundisha wajane wasichoruhusiwa, hajawahi kukaa akawafundisha wanachoruhusiwa. Halafu akanigeukia mimi: gari lipo?

Nikasema halipo. Bwana Rashidi akasema litakuwepo.

Wali uliungua kidogo chini. Waliula hivyo hivyo. Wakaidai mbuzi, nikakataa. Nimewaambia mwenyewe ataikomboa siku ya kuja kuichukua kwangu kwa miguu yake, eda imeisha na ni mzima. Nimeisukuma chini ya kitanda.

Nimelia, nimecheka, nimekula sahani mbili. Najisikia mwepesi kama aliyetua ndoo.

Jumatano, 28 Agosti

Lindi na kurudi. Mgongo haufai.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri kwa gari aina ya Noah alilolikodi Bwana Rashidi. Bi Somoe na kaniki yake, Salima na mtoto, mimi. Dereva aliambiwa asifungulie redio, kuna mwenye eda ndani ya gari. Bi Somoe alikuwa hajaona barabara tangu Julai. Alitazama kila kitu, hata mbuzi wa watu.

Hospitali tulifika mapema, tukaandikishwa, tukakaa. Daktari akaitwa chumba cha upasuaji, mama wa uzazi. Saa nne. Saa tano. Adhana ya adhuhuri. Bi Somoe kila mara anaangalia jua dirishani. Ahadi ilikuwa magharibi. Alisema tukichelewa watu watasema shehe amedanganywa.

Saa nane tukaitwa. Daktari kijana, mpole, alianza na shikamoo. Bi Somoe akaniomba nishike khanga katikati, daktari aone sehemu ile tu na si zaidi. Daktari hakubisha. Akapima kwa mashine ya picha, akaingiza sindano nene, akachukua vinyama vidogo vya kwenda kupimwa. Bi Somoe alinibana kidole mpaka kikafa ganzi. Majibu ni wiki tatu.

Saa tisa na nusu tukawasha gari. Mlimani tairi likapasuka. La akiba lipo, spana ya kufungulia haipo! Dereva anacheka aibu. Nilimtukana kwa Kingoni. Akapita mtu wa bodaboda, akawa nayo. Bi Somoe mwenyewe aliteremka akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, kwa mkono wa kushoto.

Tuliingia kijijini muadhini anaadhini magharibi. Bwana Rashidi alikuwa amesimama njiani, sijui tangu saa ngapi. Akasema alhamdulillahi. Akasema maji ya kuoga yameshapashwa moto. Basi.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimelala kama gogo. Mzani umekwama. Nimeupiga.

Alhamisi, 19 Septemba

Wiki tatu na siku moja. Simu ilidaka mtandao, ikaita mara moja ikakatika, nikiwa nachoma sindano. Nilimaliza, nikapanda ngazi ya tangi, nikapiga.

Ni saratani.

Nilijua. Bado nikashika chuma cha ngazi kwa nguvu. Daktari akaendelea kuongea na ilibidi nimwombe arudie. Kwa jinsi wanavyoona imo ndani ya titi tu. Haijashika mbavu. Likatwe mapema. Ameshaandika barua kwenda hospitali ya kanda, Mtwara, nafasi ipo mwanzoni mwa Oktoba.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, na Salima amekaa pembeni, sasa hakuna siri. Sikuzunguka. Bi Somoe aliuliza kitu kimoja: ni kabla ya korosho au baada? Nikasema kabla. Akasema sawa. Kisha akauliza kama aliyekatwa titi, akiota, hujiona bado analo. Nikamwambia sijui. Kweli sijui.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimekasirika tena. Majirani wamekwenda kumjaza maneno: saratani haiguswi na kisu, kisu kinaiamsha, kuna mwanamke wa Kitomanga alikatwa akafa. Nilikuta Bi Somoe amegeukia ukuta. Anasema haendi.

Nikamuuliza jirani, huyo wa Kitomanga alikwenda hospitali lini? Akasema alipelekwa kidonda kikiwa kinatoa harufu, nyumba nzima inasikia. Nikasema basi kisu msikisingizie, alichelewa. Nilisema kwa ukali. Jirani akanuna, Bi Somoe hakugeuka.

Aliyemgeuza ni Bwana Rashidi. Si kwamba aliingia. Alikuja na kuni zake, akazitua, akakohoa, safari hii hakuondoka. Akasema kwa sauti, kama anaongea na kuni: shemeji, tawi la mkorosho likiugua tunafanyaje? Akajibu mwenyewe kwamba tunalikata kabla ugonjwa haujafika shinani, na mwaka unaofuata tunaokota. Halafu akasema kaka yake alimwachia nyumba na mtu ndani yake, na hataki kubaki na nyumba peke yake.

Akaenda zake. Bi Somoe akageuka, akaomba uji.

Jumatatu, 30 Septemba

Wameondoka, yeye na Salima na mtoto. Mimi siwezi kufunga zahanati siku zote hizo. Shehe Athumani alikuja asubuhi kuwaombea dua. Amemwambia Bi Somoe achukue mkeka wake, autandike wodini pembeni ya kitanda, akae eda yake huko huko mpaka arudi. Basi eda imesafiri. Mkeka umefungwa kamba juu ya gari pamoja na kuku wa mtu.

Alinipungia kwa mkono wa kulia. Haukupanda juu sana.

Alhamisi, 3 Oktoba

Ni leo.

Saa nne nimepanda tangi. Hakuna kitu. Saa sita, hakuna. Salima simu yake haipatikani. Nimetoa dawa za minyoo shuleni, sikumbuki nyuso. Nimeungua na sterilaiza. Saa tisa nimepanda tena, Bwana Rashidi yupo chini ya ngazi, ameacha shamba, ananiuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Akakaa kwenye tofali. Niliwaza: kama amekufa mezani, mimi ndiye niliyemteka. Mimi na ule ujinga wangu wa kelele za vita.

Saa kumi na robo simu ikatetemeka. Salima: "Ametoka. Amezinduka. Anamuulizia Mngoni kama mbuzi yake iko salama."

Nilisoma kwa sauti kutoka juu. Bwana Rashidi alifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Nilishuka ngazi. Nilimwambia anywe maji. Nami nikanywa.

Asante Mungu. Asante, asante.

Jumapili, 13 Oktoba

Amerudi. Mkeka ndio uliotangulia kuingia ndani.

Kidonda nimekifungua baada ya misa. Kikavu, safi, nyuzi zimetolewa, ufundi wa hali ya juu. Amekiangalia mbele yangu kwa mara ya kwanza, kwenye kioo kidogo cha marehemu cha kunyolea. Aliangalia muda mrefu. Akasema sasa upande huu yuko kama Mzee Hamisi. Sikujua nicheke au nini. Nilimshika tu.

Mazoezi ya mkono: vidole vinatembea ukutani kama buibui, kila siku juu kidogo. Salima anaweka alama kwa mkaa. Bi Somoe anasema ni mchezo wa watoto, unamchosha. Nimemwambia achoke.

Ijumaa, 25 Oktoba

Korosho zimeanza kuanguka. Kijiji kinanuka mabibo. Alama ya mkaa imefika usawa wa sikio.

Jumatano, 6 Novemba

Majibu ya mwisho. Nilikwenda naye Lindi mwenyewe kuyachukua. Daktari yule yule, shikamoo ile ile. Kilichokatwa kimetoka chote, kingo safi. Tezi za kwapani safi. Aina yake ni ile inayotibika kwa vidonge, kimoja kila siku kwa miaka mitano, na kuonwa kila baada ya miezi mitatu.

Nilimuuliza mara mbili kama amesoma karatasi ya mtu huyu huyu. Akanigeuzia, nikasoma jina. Somoe.

Bi Somoe hakuelewa kwa nini nesi ndiye analia. Akaniazima ncha ya mtandio wake.

Turudi kwenye kazi. Wiki hii wamekuja wanawake wanne kuangaliwa matiti, wawili wameletwa na waume zao, mume mmoja alimfikisha mkewe mlangoni akakimbia kwa aibu. Sikukuta uvimbe kwa yeyote. Na Shehe Athumani kila Ijumaa baada ya sala sasa anazungumzia eda: nani anatoka, kwa haja gani, anarudi vipi. Wanaume wanasikiliza. Bwana Rashidi anakaa safu ya mbele, na akiulizwa mfano anajitaja mwenyewe.

Ijumaa, 22 Novemba

Eda imeisha leo. Wanawake wamemtoa, wamemwogesha, wamempa nguo mpya, khanga ya rangi ya chungwa. Mimi nilikuwa na mtoto wa homa kali, sikufika. Nimesikia vigelegele kutoka hapa. Homa imeshuka.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua kidogo asubuhi. Zahanati nimefunga saa saba.

Alikuja peke yake, kwa miguu, na nazi mbili kwenye kikapu. Nikatoa mbuzi chini ya kitanda. Buibui alikuwa amejenga kwenye meno, nikaiosha. Alisema hatoki nayo bila kuijaribu, huenda Mngoni ameiharibu.

Akaikalia barazani kwangu. Nazi nilimpasulia mimi. Akakuna kwa mkono wa kulia, polepole, anapumzika, anaendelea. Nilipotaka kumpokea alinifukuza. Kifuu cha kwanza kilikwenda muda mrefu, cha pili kikawa afadhali. Mimi nikachambua mchicha. Tuliupika na tui zito, tukala na ugali, mtoto wa jirani akapelekewa sahani.

Jua likiwa limepungua akainuka, akaweka mbuzi begani kama nilivyoibeba mimi siku ile. Alipofika kwenye tangi akageuka akapaza sauti: Mngoni, goti langu linalia kama mlango wa kanisa lenu, njoo ulichukue!

Nikasimama. Nikamuuliza: kweli au utani?

Utani, akasema.

Ndipo nikacheka.